Tupime maji kabla ya kuhesabu hekta

Mvua zinapokata na vilima vya Kirimiro na Bweru vikaanza kugeuka rangi ya vumbi, Warundi hushuka mabondeni na majembe yao. Huo ndio msimu wa tatu wa kilimo. Wakulima huuita ici. Kwenye ripoti za wizara ya kilimo huandikwa kwa herufi C. Ni msimu usiotegemea mvua. Maji yake hutoka ardhini, kwenye vinamasi vilivyolala kati ya kilima na kilima, na kuanzia Juni hadi Septemba ndiyo yanayolea maharage, kabichi, viazi mviringo na mahindi mabichi yanayouzwa katika masoko ya Gitega na Muyinga.

Faida yake haiishii sokoni. Maharage yanayovunwa bondeni Septemba ndiyo mbegu inayopandwa kilimani mvua za agatasi, msimu wa kwanza wa kilimo, zinapoanza. Marando ya viazi vitamu yanayobaki mabichi kwenye tope, wakati kilimani kila kitu kimenyauka, ndiyo yanayokatwa na kupandwa upya mvua zikirudi. Kaya ambayo bonde lake limekauka mwaka huu italazimika kununua chakula, kisha itanunua na mbegu, au itapanda kwa kuchelewa. Kinamasi ni ghala la maji na la mbegu kwa pamoja, na kilima huishi kwa kukopa humo.

Kwa sababu hiyo natofautiana na pande mbili ambazo kwa muda mrefu zimetawala mjadala huu. Upande mmoja unataka vinamasi vifungwe vyote na mkulima aondoke. Upande wa pili unaona kila eneo lenye mafunjo kuwa ardhi iliyolala bure, inayosubiri mfereji. Pande zote mbili hubishana juu ya hekta: ngapi zilimwe, ngapi ziachwe. Hoja yangu ni kwamba hekta ni kipimo kibovu. Swali la kuulizwa kwa kila bonde la Gitega na la Muyinga ni hili: mwishoni mwa Septemba, kabla mvua hazijarudi, maji yako umbali gani chini ya uso wa ardhi? Bonde ambalo maji yake bado yako karibu na mizizi liko hai, liwe linalimwa au halilimwi. Bonde ambalo maji yamezama mita mbili limekufa hata kama ramani ingali inaliita kinamasi.

Kinamasi huanzia kilimani

Nchi ya kati ya Burundi ni bahari ya vilima. Mji wa Gitega wenyewe uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500. Kusini mwake, huko Rutovu, ndiko chemchemi ya Kasumo ilipo, ambayo Mjerumani Burkhart Waldecker aliitambulisha mwaka 1937 kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote; piramidi ndogo ya mawe ilijengwa hapo mwaka uliofuata. Maji ya eneo hilo huingia mto Ruvyironza, hupita Gitega, hukutana na Ruvubu inayoshuka kutoka Kayanza, kisha Ruvubu hupinda kuelekea kaskazini-mashariki ikipita Karuzi, Muyinga na Cankuzo hadi Tanzania. Huko huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kwa hiyo Gitega na Muyinga, miji miwili ambayo msafiri huiona kuwa mbali kati yake, inakunywa na kulima katika bonde la mto mmoja.

Katika njia hiyo maji hayakimbii moja kwa moja. Mvua inayonyesha juu ya kilima chenye majani, miti au migomba hupenya polepole kwenye udongo mwekundu, hushuka miezi kadhaa ndani ya kilima, na hutokeza chini, pale mteremko unapokutana na bonde tambarare. Ukitembea kando ya bonde lolote la Kirimiro utaona mstari huo wa chemchemi kwenye miguu ya kilima, na visima vingi vya kuchotea maji viko hapo hapo. Katika mabonde mengi, mahali pa kutokea maji hubanwa na mwamba mgumu. Maji yanasita, mashapo yanatua, mafunjo na nyasi za majimaji zinaota, na kwa muda mrefu kinamasi kinajijenga.

Hivyo ukivua kilima nguo, kinamasi kitakufa hata kama hakuna aliyekigusa. Mvua itatelemka juu juu badala ya kupenya. Italeta mchanga na udongo mwekundu, itafukia mimea ya bondeni wakati wa masika, na kiangazi hakutakuwa na maji yaliyohifadhiwa ndani ya kilima ya kulisha chemchemi. Mkulima wa bondeni ataona mafuriko Aprili na nyufa Agosti katika shamba lile lile. Mafuriko hayo na nyufa hizo ni ugonjwa mmoja.

Chimba shimo kwa chepe katikati ya bonde lililo salama, Agosti, na mambo haya utayaona kwa macho. Sentimita chache za juu ni mizizi iliyosukana. Chini yake kuna udongo mweusi, mwepesi, wenye nyuzi za mimea ambazo bado zinatambulika; ukiukamua kwa mkono, maji ya rangi ya chai hutiririka vidoleni. Chini zaidi kuna mfinyanzi wa kijivu unaonata kwenye chepe. Shimo halijafika magotini na tayari maji yanajaa yenyewe. Sasa chimba shimo kama hilo katika bonde lililochimbwa mfereji mrefu wa kati miaka kumi iliyopita. Udongo mweusi umekuwa unga unaopeperuka. Umepasuka kiasi cha mkono kuingia. Ukiumwagia maji, matone yanakaa juu na kuteleza, kwa maana udongo wa aina hiyo ukikauka kupita kiasi hukataa kuloa tena. Maji utayakuta chini kabisa, kwenye mfinyanzi, mahali ambapo mzizi wa haragwe haufiki.

Kumbukumbu iliyozikwa kwenye tope

Udongo huo mweusi wenye nyuzi ni peti: mimea iliyokufa ikashindwa kuoza kwa sababu ilizama ndani ya maji yasiyo na hewa. Hujengeka kwa kasi ya milimita moja hivi kwa mwaka, mara nyingi pungufu. Mita moja ya peti ni kazi ya miaka elfu moja au zaidi.

Burundi ina bahati ya kuwa na moja ya kumbukumbu muhimu za tabianchi katika Afrika ya ikweta, na imetoka kwenye kinamasi. Katika nyanda za juu magharibi mwa Gitega, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, kuna kinamasi cha Kashiru. Mwanasayansi wa Ufaransa Raymonde Bonnefille na wenzake walichunguza chavua zilizohifadhiwa katika tabaka zake, na mwaka 1990 wakachapisha makadirio ya joto na mvua kwa miaka 40,000 iliyopita. Waligundua kwamba enzi barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, nyanda hizi zilikuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 4 hivi na mvua pungufu kwa kiasi cha asilimia 30. Habari hiyo yote ilikuwa imelala kwenye tope la Kirundi, tabaka juu ya tabaka.

Peti ikibaki ndani ya maji, hukaa. Ikipata hewa, huanza kuoza na kurudi angani kama hewa ya kaboni, na ardhi yenyewe hudidimia. Kusini-mashariki mwa Asia, ambako misitu ya peti ilikaushwa kwa mifereji ili kupanda michikichi, ardhi imekuwa ikididimia sentimita kadhaa kwa mwaka. Nyanda zetu zina baridi zaidi na uozo huenda taratibu, lakini kanuni haibadiliki: mfereji unaochimbwa leo unakula akiba ya karne nyingi. Na ardhi ikishadidimia, mkulima huchimba mfereji zaidi ili kufuata maji, peti nyingine inapata hewa, na mduara unaendelea hadi kufika kwenye mfinyanzi usio na rutuba.

Burundi pia imechimba peti kama nishati. Shirika la taifa la peti, ONATOUR, lilianzishwa mwaka 1977, nchi ikitafuta mbadala wa kuni. Nia ilikuwa njema: kuokoa misitu. Lakini kuchoma peti ni kuchoma kitu kisichorudi katika maisha ya mtu, wala ya wajukuu wake, na shimo linaloachwa halirudi kuwa kinamasi lenyewe. Mahali pa nishati ya kupikia ni kwenye miti iliyopandwa kwa makusudi kilimani na kwenye majiko yanayotumia kuni kidogo. Kinamasi cha peti kwenye kichwa cha mto kina kazi moja kubwa kuliko zote, nayo ni kutoa maji Septemba.

Mfereji wa kati na deni lake

Vinamasi vya Burundi vinakadiriwa kufikia hekta 120,000 hivi, na sehemu yake kubwa tayari inalimwa. Hilo halikuanza jana. Zamani mabonde yalikuwa malisho ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Utawala wa Wabelgiji ulilazimisha watu kulima vinamasi kama kinga dhidi ya njaa. Baada ya uhuru, idadi ya watu ilifanya kazi ambayo viboko vilikuwa vimeianzisha: sensa ya 2008 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8, na ile ya 2024 ilihesabu zaidi ya milioni 12, katika nchi ya kilomita za mraba 27,834. Hakuna mpango wa hifadhi utakaofaulu ukijifanya kwamba watu hao hawapo.

Tatizo kubwa, basi, liko kwenye namna ya kulima. Njia rahisi ya kupata shamba bondeni ni kuchimba mfereji mmoja wa kati, wenye kina kirefu na ulionyooka, kuanzia juu hadi chini. Kwa wiki chache bonde linakauka na mbegu inaingia ardhini. Lakini mfereji huo haujui tofauti kati ya masika na kiangazi. Unaondoa maji ya Aprili, ambayo ni mengi mno, na unaondoa maji ya Agosti, ambayo kila tone lake lina thamani.

Njia nzuri inajulikana na imetumika katika mabonde kadhaa yaliyoendelezwa kwa ajili ya mpunga, mengine kwa fedha za Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD. Mifereji miwili hupita kwenye miguu ya vilima, kila upande mmoja, ikipokea maji ya chemchemi na kuyagawa mashambani. Mfereji wa kati huwa na kina kifupi. Kila baada ya umbali fulani kuna kizuizi chenye mlango wa mbao, unaoinuliwa wakati wa mafuriko na kushushwa mvua zinapokata. Mpunga unavunwa kati ya Mei na Juni, milango inashushwa, na maji yaliyobaki yanalea maharage na mboga. Mbao mbili tatu zilizopangwa juu ya zege, na mtu mmoja anayeaminika wa kuzishusha kwa wakati: hivyo tu vinaweza kutenganisha bonde linalolisha watu misimu mitatu kila mwaka na lile linalolisha kwa miaka mitatu tu.

Kuna maadui wengine. Mikaratusi iliyopandwa kwenye kichwa cha bonde, juu ya chemchemi, hunywa maji mengi kiangazi chote. Mahali pake ni juu ya kilima, mbali na jicho la maji. Kuna pia udongo wa matofali. Tangu Gitega itangazwe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, ujenzi umeongezeka na matofali yanahitajika. Mfinyanzi mzuri uko bondeni. Shimo la kuchimba udongo wa matofali likikata tabaka linalozuia maji, bonde zima la juu yake linavuja. Mji mkuu hauwezi kujengwa kwa kubomoa mabonde yanayoulisha, na anayetoa kibali cha kuchimba udongo anapaswa kuuliza kwanza maji yatakwenda wapi.

Muyinga, mpakani mwa mafunjo na ukame

Ukishuka na Ruvubu kuelekea Muyinga, mabonde yanapanuka. Hapa ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980, kubwa kuliko hifadhi zote za nchi, yenye hekta zipatazo 50,000. Mto unapita katikati yake ukiwa umezungukwa na mafunjo, misitu ya kingo na nyika ya nyasi. Viboko wapo, nyati wapo, na ndege waliorekodiwa wanazidi spishi 400. Mwaka 2013 hifadhi hii iliandikishwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, pamoja na Malagarazi na maziwa ya kaskazini mwa Kirundo. Delta ya Rusizi ilikuwa imetangulia. Tukumbuke pia kwamba hifadhi ya Ruvubu ilianza kwa kuhamisha watu, na kumbukumbu hiyo bado ni nzito katika tarafa zinazoizunguka. Hifadhi inayotaka kudumu lazima iwape majirani sababu ya kuitaka.

Sababu zipo. Mafunjo hukata kasi ya mto, huchuja udongo na mbolea zinazotoka mashambani, hutoa mikeka na paa, na yakikatwa bila kung'olewa shina la chini hurudi kimo chake ndani ya mwaka. Mabondeni humo pia huzaliana umusambi, korongo mwenye taji, ambaye tangu mwaka 2012 yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hutaga kwenye kinamasi chenye maji na hula kwenye nyasi na mashamba ya jirani. Hawezi kuishi penye mkulima peke yake wala penye mafunjo peke yake. Anapoacha kutaga katika bonde, bonde hilo limeshaanza kukauka.

Kuna sababu nyingine inayogusa kila nyumba: malaria. Mwaka 2000 na 2001 nyanda za kati na kaskazini mwa Burundi zilikumbwa na mlipuko mkubwa wa malaria, wagonjwa wakahesabiwa kwa mamilioni. Hali ya hewa ilichangia, kinga ya wakazi wa nyanda za juu ilikuwa ndogo, vita vilikuwa vimedhoofisha huduma za afya. Lakini mabadiliko ya mabonde nayo yana sehemu yake. Huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye vilima vinavyofanana sana na vyetu, utafiti wa Karen Lindblade na wenzake uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba vijiji vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa vina joto zaidi kuliko vile vilivyo kando ya mafunjo ya asili, na joto hilo huongeza maambukizi. Mafunjo hufunika maji kwa kivuli. Shamba lenye mifereji iliyoziba huyaacha wazi juani, na mbu wa malaria hupenda hivyo. Mfereji usiosafishwa, kwa hiyo, unaongeza foleni ya zahanati.

Kaskazini ya Muyinga inapakana na ukanda mkavu wa Bugesera, na huko tumeshaona mwisho wa njia ya kukausha mabonde. Mwishoni mwa miaka ya 1990, na tena 2004 na 2005, ukame ulileta njaa Kirundo na Muyinga. Watu walivuka mpaka kwenda Rwanda na Tanzania kutafuta chakula. Mvua zilikuwa zimepungua, hilo ni kweli. Lakini mabonde ambayo zamani yangevusha kaya miezi ya mwisho ya kiangazi yalikuwa yamelimwa hadi kwenye ukingo wa maji. Ukame wa mvua ukikutana na ukame wa ardhi, hakuna mahali pa kushukia tena. Hofu yangu ni kuona mabonde ya katikati, kama lile la Nyamuswaga linalopeleka maji Ruvubu, yakiendeshwa kwa namna ile ile kwa sababu tu bado yanaonekana mabichi.

Majirani walivyolipa

Rwanda ilifika ukingoni ikarudi. Kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa nchi hiyo, humwaga maji ziwa Burera, na kutoka hapo maji huendesha mtambo wa umeme wa Ntaruka. Rugezi ilichimbwa mifereji ikalimwa, vilima vyake vikavuliwa miti. Kufikia 2003 na 2004 maji ya ziwa yalishuka, Ntaruka ikapungukiwa, Kigali ikaingia gizani, na nchi ikalazimika kukodi mitambo ya dizeli kwa gharama kubwa. Serikali ikasimamisha kilimo ndani ya kinamasi, ikafunga mifereji, ikapanda mianzi na nyasi pembezoni. Maji yalirudi, na mwaka 2010 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa. Ila wakulima waliotolewa Rugezi ndio walioubeba mzigo mkubwa wa uponyaji huo, wakipoteza mashamba na malighafi ya mikeka. Kukausha kulikuwa kosa la wengi. Gharama ya kurekebisha iliwaangukia wachache.

Burundi ina Rugezi yake inayojengeka. Mtambo wa Rusumo wenye megawati 80, unaoshirikisha Burundi, Rwanda na Tanzania, uko kwenye Kagera chini kidogo ya mahali Ruvubu inapoingia, na miongoni mwa njia zake za kusafirisha umeme ni ile ya Gitega. Kila mfereji unaochimbwa bila mlango katika bonde la Ruvyironza unaondoa kitu kwenye maji ambayo Rusumo itayahitaji mwishoni mwa kiangazi. Wenye taa na wenye majembe wana maslahi mamoja, ila bado hawajakaa meza moja.

Mbali zaidi, nyanda za nyasi za Marekani na Canada zilikuwa na mamilioni ya madimbwi yaliyoachwa na barafu, mahali pa kuzalia mabata wa bara zima. Zaidi ya nusu yake yalikaushwa ili kupanda ngano na mahindi. Mwaka 1985 Marekani ilipitisha sheria iliyofunga mkono kwa njia rahisi: mkulima anayekausha ardhi oevu ili alime hupoteza misaada ya serikali kuu ya kilimo. Sheria hiyo haikumkataza mtu kulima. Ilikataa tu kumlipa kwa kuharibu.

Nani mwenye bonde?

Sheria ya ardhi ya Burundi ya 2011 inavitambua vinamasi vya dola, na mkulima wa humo analima kwa ruhusa, bila hati. Sheria ya maji ya 2012 inataka ukanda wa mita 150 uachwe kando ya Ziwa Tanganyika na mita 25 kando ya mito inayomwaga humo. Mito mingine, Ruvubu ikiwemo, imepewa ukanda mwembamba zaidi. Shirika la kulinda mazingira, OBPE, lipo tangu 2014. Kwa hiyo sheria na ofisi zipo. Kinachokosekana ni mtu mwenye sababu ya kushusha ule mlango wa mbao.

Asiyejua kama mwakani atapewa kipande kile kile hatasafisha mfereji kwa ajili ya atakayekuja baada yake. Wanawake ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi ya msimu wa kiangazi, lakini mara nyingi jina kwenye orodha ya ushirika ni la mume. Batwa, ambao kwa vizazi walitengeneza vyungu kwa mfinyanzi wa mabondeni, walipoteza machimbo yao kadiri mabonde yalivyogawiwa kwa kilimo, na mara nyingi hawakupewa kipande chochote. Mgao wa bonde usiowatambua watu hawa hauna haki, na usio na haki haudumu, maana atakayeachwa nje atachimba usiku.

Mabadiliko ya utawala ya 2025 yameleta nafasi ambayo haikuwepo. Mikoa 18 imekuwa 5. Mkoa mpya wa Gitega umechukua Mwaro, Muramvya na Karuzi: maana yake vinamasi vya juu vya peti, bonde la Mubarazi, sehemu ya bonde la Ruvyironza na sehemu ya Hifadhi ya Ruvubu viko chini ya gavana mmoja. Muyinga, Cankuzo na Ruyigi sasa ni mkoa wa Buhumuza, unaobeba sehemu nyingine ya hifadhi hiyo. Kwa mara ya kwanza magavana wawili wakikubaliana, hifadhi nzima na mabonde mengi yanayoilisha yanaweza kuendeshwa kwa mpango mmoja.

Mpango huo ninauona hivi. Vinamasi vya juu, vyenye peti na vilivyo kwenye vichwa vya mito, visichimbwe mfereji wala kuchimbwa nishati; wanaovitumia sasa wapewe kwanza nafasi katika mabonde ya katikati, kabla ya kuambiwa waondoke. Mabonde ya katikati yalimwe, lakini kila moja liwe na mifereji ya pembeni, vizuizi vyenye milango, na ushirika wenye mkataba wa miaka mingi unaoandika majina ya wake na waume, pamoja na sehemu ya mfinyanzi ya wafinyanzi. Mafunjo ya chini, kando ya Ruvubu, yavunwe na majirani kwa zamu bila kung'olewa. Kazi za pamoja za Jumamosi na upandaji miti wa programu ya Ewe Burundi Urambaye, iliyoanza 2018, zielekezwe kwanza kwenye vilima vilivyo juu ya mabonde hayo, kwa mitaro ya kukinga mmomonyoko, nyasi za malisho na miti isiyonyonya chemchemi.

Na kipimo kiwe maji. Bomba la plastiki lenye matundu, lililozikwa mita mbili, na kijiti chenye alama: kila bonde likiwa na matatu, na mwanaushirika mmoja akisoma na kuandika kila wiki kuanzia Juni hadi mvua zirudi, tutajua kwa mwaka mmoja kile ambacho ramani za hekta hazikutuambia kwa miongo mingi. Tangu 2012 serikali inatoa ruzuku ya mbolea. Ushirika ambao maji yake mwishoni mwa Septemba yamebaki karibu na mizizi upewe kipaumbele kwenye ruzuku hiyo na kwenye ukarabati wa mifereji. Ambao maji yake yamezama utumiwe fundi kabla ya kutumiwa mbolea, kwa sababu mbolea kwenye bonde lililokauka ni fedha iliyotupwa. Mkulima asiadhibiwe kwa umaskini wake. Alipwe kwa kazi anayoifanya kwa niaba ya Gitega, ya Rusumo, na ya kila anayekunywa maji chini ya mto.

Mabomba hayo ni ya bei nafuu, kusoma kijiti hakuhitaji shahada, na kiangazi hakisubiri mkutano mwingine. Gavana wa Gitega na wa Buhumuza wanaweza kuanza na mabonde kumi kila mmoja Juni ijayo. Ifikapo Oktoba kila bonde litakuwa na namba yake, na mjadala wetu juu ya vinamasi utakuwa na ushahidi mkononi.